Nyota Tano za Guyo

Chechelesi, Isiolo

Kwa Baba Neema wangu,

Habari za huko Nakuru? Najua barua hii utataka kuisoma umesimama mlangoni, mkoba wa shule ukiwa bado begani. Keti kwanza. Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la chaki? Na Neema, lile jino lake limeng'oka, au bado analitikisa kwa ulimi mkiwa mezani? Mimi mwili ni mzima. Nakula vizuri, maziwa ya ngamia nimeyazoea mpaka chai ya maziwa ya ng'ombe naiona nyepesi. Upepo tu ndio unaonichosha. Nafagia nyumba mara tatu kwa siku na bado nikiinua kikombe mezani kinaacha duara.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Jumapili uliniuliza, "Mama Neema, mbona hutulii? Unaongea na mimi huku unatembea." Kweli nilikuwa natembea, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Nikakwambia natafuta mtandao. Nilikudanganya. Nilikuwa na jambo la kukwambia, lakini kwenye simu wewe ni mwalimu hata kwa mkeo, mtu hajafika katikati umeshamsahihisha. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, hata ukikasirika. Na utakasirika.

Unajua kazi iliyonileta huku, ile programu ya simu inayowaonyesha wafugaji bei za mbuzi na ng'ombe katika soko la Isiolo. Ndani yake kila familia ina kikundi chake, wanatumiana ujumbe, na mtu wa nje hauoni. Mimi ndiye fundi wake na ndiye mwalimu wake. Asubuhi naitengeneza, mchana naenda soko la mifugo kuwaonyesha watu pa kubonyeza, nikirudi nyumbani viatu vinanuka mbuzi.

Sasa, miezi michache iliyopita meneja wetu wa Nairobi alinipigia. Wafadhili walikuwa wameingia kwenye lile duka la mtandaoni ambapo watu hupakua programu, wakakuta ukurasa wetu mtupu, hakuna nyota hata moja, hakuna neno. "Watu wanaitumia lakini hawasemi kitu," akalalamika. "Weka kitufe, Wanjiru. Mtu akibonyeza apelekwe moja kwa moja kwenye ukurasa wa maoni. Mkataba wako ukiisha, hizo nyota ndizo zitasema kama unaendelea ama unarudi kwa bwana yako."

Nikaweka. Mara ya kwanza kitufe kilimpeleka mtu kwenye tovuti, na tovuti ikamdai nywila. Nywila gani? Mfugaji alitengenezewa akaunti na aliyemuuzia simu, yeye mwenyewe haijui. Watu wakakata tamaa. Nikakaa na hilo jambo siku mbili mpaka kitufe kikawa kinafungua duka lenyewe lililomo ndani ya simu, tena pale pale kwenye ukurasa wetu, nyota tano tupu zikimngojea na nafasi ya kuandika chini yake. Juu ya kitufe niliandika, "Unaonaje? Tupe maoni yako." Kikawa kizuri ajabu. Mtu alikuwa anabonyeza na kufika bila hata kujua kwamba ametoka kwenye programu yetu. Nilijisifu sana kwa hilo, Baba Neema. Nilikupigia siku hiyo hiyo kujisifu, unakumbuka?

Maoni yakaanza kumiminika, karibu yote nyota moja. Meneja akanipigia tena, sauti imempanda. "Hawa watu wako wanatumaliza! Umewafanyia nini?" Nikafungua kusoma. Wa kwanza alikuwa wa Burat, ameanza na amani kwa Kiborana, "Nagaa. Sisi wazima. Nyasi imeisha huku, mbuzi imekonda. Nyota moja." Mwingine, "Nagaa. Mama amepona. Mvua bado. Moja tu." Wa tatu alipoteza punda, akaeleza rangi yake na alama ya sikio, akaweka nyota mbili kwa sababu kisima bado kina maji. Hakuna hata mmoja aliyetaja programu.

Nikampelekea simu mwenye nyumba wangu, Mama Halima. Nilishakwambia habari zake, yule mama wa Kiborana anayeuza maziwa pale karibu na msikiti, ambaye akinikuta sijala ananigombeza kama mamangu. Nikamsomea. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa wewe umeuliza mtu unaonaje," akasema. "Akwambie nini, akwambie simu? Simu iko na mvua? Huku ukiuliza mtu hali, yeye anakwambia hali. Amani kwanza, halafu mvua, halafu nyasi, halafu maji, halafu mifugo. Hawezi kuficha wewe habari, hiyo ni aibu."

"Na nyota?"

"Nyota ni ya nyasi, Wanjiru! Nyasi ikiisha wataweka tano ya nini?"

Hiyo ndiyo sehemu niliyokusimulia, nawe ukawasimulia walimu wenzako kwenye chumba cha mapumziko, mkacheka. Mimi pia nilicheka. Wiki nzima nilikuwa nikisoma ukurasa ule kama mtu anayesoma gazeti, najua ni wapi manyunyu yamepita na ni nani amezaliwa. Sikufikiria hata mara moja kwamba kama mimi nausoma, kila mtu duniani mwenye simu anausoma.

Halafu zikaja nyota tano. Ziliingia asubuhi moja, za kwanza na za pekee. Nikaruka kitini. Nilipiga picha nikamtumia meneja kabla hata sijasoma maneno, naye akajibu kwa vidole gumba sita. Ndipo nikasoma. Ni Guyo, mdogo wake Mama Halima, aliyehamisha ng'ombe wa familia nzima kwenda upande wa Kipsing. Nakuandikia alivyoandika:

"Nagaa. Mvua imenyesha huku, pale kisima ya mawe meupe. Maji imejaa, nyasi inafika goti. Sisi ni watatu tu na ng'ombe yote ya nyumbani, hakuna mtu mwingine hapa. Njooni."

Nilimsomea Mama Halima nikidhani atafurahi. Alikuwa anapima maziwa. Aliweka kikombe chini.

"Ameandika watatu?"

"Ndiyo, watatu."

"Ameandika wapi? Kwa kikundi yetu?"

Nikamwonyesha. Guyo alidhani anaandikia ndugu zake ndani ya kikundi. Alikuwa amebonyeza kitufe changu kizuri, kikamtoa nje bila yeye kujua, akasimama mbele ya watu wote akatangaza mahali penye maji, penye nyasi, penye ng'ombe wengi na wanaume watatu. Wewe unasikia kwenye redio mambo ya upande ule kila kiangazi kinaporefuka, watu kugombania maji na malisho. Mama Halima alimpigia Guyo palepale. Hakupatikana. Huko bondeni hakuna mtandao, mpaka mtu apande kilima.

Nilijaribu kuyafuta maneno yale. Haiwezekani. Ukurasa wa maoni si wetu, ni wa wenye duka. Aliyeandika ndiye anayeweza kufuta, kwa simu yake mwenyewe. Mimi naweza tu kuripoti kwa wenye duka kwamba maoni fulani hayafai, kisha ningoje wayapitie wakati wao. Nikaripoti. Nikazima kitufe ili asije mtu mwingine akafanya vilevile. Meneja alipoona kimezimwa alinipigia. "Umezima nini? Na ile ya nyota tano usiiguse, ndiyo pekee tunayo!" Nikamweleza. Akasema ninaogopa mambo ya sinema. Nilikata simu, Baba Neema, mimi ambaye unanijua sikatii mtu simu.

Tulingoja siku nne ndipo tukapata lori la mfanyabiashara wa mbuzi lililokuwa linapanda Kipsing, mimi na Mama Halima tukakaa mbele na dereva. Hapo ndipo nilipokwambia ninaenda "kufundisha watu wa mashinani." Nisamehe kwa hilo pia.

Tulikuta makundi mawili ya ng'ombe kwenye maji. Moja la kina Guyo. Lingine lilikuwa la watu wa jamii nyingine, kama kumi na watano, wake kwa waume, na bunduki zao wamezifunika kwa shuka. Walikuwa wamefika siku mbili kabla yetu. Nilitaka kuropoka palepale, lakini Mama Halima alinifinya mkono, na salamu zikaenda mpaka zikaisha: amani, mvua, nyasi, maji, mifugo, watoto. Chai ikaja. Guyo ni mtu mrefu mwenye sauti ndogo, anaongea akiangalia ng'ombe.

"Hawa ni wageni," akasema. "Walisoma ile kitu niliandika."

Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, akanigeukia mimi maana aliona ndimi mwenye wasiwasi. "Sisi hatukuja kwa nguvu," akasema. "Tumeitwa. Imeandikwa njooni. Haikuandikwa njoo fulani na fulani asikuje." Akamwonyesha mwanamke mmoja wao mwenye simu shingoni. "Huyu dada kila asubuhi anapanda kilima, anaangalia. Bado imeandikwa. Siku itatoka, tutajua mwenyewe amerudisha neno yake."

Nikamtazama Guyo. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima ya kumwomba afute. Alitikisa kichwa kidogo tu. Baadaye, tukiwa watatu, alimwambia dada yake kwa Kiborana, naye akanifasiria: akifuta, watu hawa hawatakuwa wageni tena, watakuwa watu walioingia kwenye maji ya wenyewe, na wanajua wenye maji ni watatu tu. Maneno yale yalikuwa yameleta hatari, na sasa ndiyo yaliyokuwa yanaizuia.

Sasa sikiliza kosa langu la kweli. Nilikuwa nimeshayaripoti. Wenye duka wangeweza kuyaondoa siku yoyote. Nilikaa pale, chai mkononi, nikajua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na sikusema. Niliogopa. Niliogopa yule mtu wa kofia, niliogopa bunduki chini ya shuka, niliogopa macho ya Mama Halima. Nikajiambia nitarudi mjini niifute ripoti, hakuna atakayejua. Tukaondoka. Mjini nikatafuta pa kuifutia ripoti. Hapakuwa na mahali. Niliandika kwa wenye duka mara nne, nikajibiwa na mashine kwamba wanathamini mchango wangu.

Hiyo ndiyo siku uliyonipigia, ile Jumapili. Ndiyo maana nilikuwa natembea. Nilikuwa sikai chini, chakula nakiacha katikati, kila baada ya dakika chache nafungua ukurasa kuona kama maneno ya Guyo bado yapo. Mama Halima akaniuliza ninaumwa nini, nikasema kichwa. Nadhani nimedanganya watu wengi mwezi huu kuliko maisha yangu yote.

Jumatatu asubuhi ujumbe ukaja: maoni uliyoripoti yameondolewa. Nikafungua. Nyota tano hazipo. Zimebaki zile za nyota moja, na yule mtu wa punda.

Nilikwenda kwa Mama Halima nikamwambia yote, nimesimama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifunga kopo la maziwa, akajitanda, akasema, "Haya, twende ukaseme kwa mdomo yako." Tukakodi pikipiki mbili mpaka Kipsing, na njia nzima nilikuwa nahesabu: yule dada hupanda kilima asubuhi, sasa ni asubuhi, sasa ameshashuka.

Alikuwa ameshashuka. Tulikuta ng'ombe wamezuiwa mbali na maji, wa pande zote mbili, wanalia kwa kiu huku maji wanayaona. Kina Guyo watatu wameketi upande huu. Wale wengine upande ule, na shuka hazikufunika kitu tena. Nilitembea nikasimama katikati kwa sababu miguu ilinipeleka, si kwa ushujaa, usije ukanisifu kwa watu.

"Ni mimi," nikasema. "Guyo hakufuta. Mimi ndiye niliyeomba yafutwe, kabla sijakuja hapa mara ya kwanza. Nilikunywa chai yenu na nikanyamaza kwa sababu niliogopa."

Mama Halima akafasiri upande mmoja, na yule dada wa simu akafasiri upande wa pili. Yule mtu wa kofia alinitazama. Akamgeukia Guyo.

"Simu imetoa. Mimi sina habari na simu. Nauliza wewe. Ulisema njooni ama hukusema?"

Baba Neema, Guyo angeweza kusema ukweli. Ukweli ni kwamba aliwaita ndugu zake, si hawa. Kila mtu pale alijua, hata wao. Aliangalia ng'ombe wake. Aliangalia nyasi, ambayo haikuwa ikifika goti tena, ilikuwa inafika kwenye kifundo cha mguu.

"Nilisema," akajibu.

Yule mtu akainua mkono, na ng'ombe wao wakaachiliwa, na wa kina Guyo wakaachiliwa, wakaingia majini wakichanganyika. Mimi nilikaa chini kwenye mawe nikalia mbele ya watu wazima. Yule dada wa simu alikuja akanipa maji.

Bado wako pale mpaka leo, pamoja. Guyo aliniambia, kwa Kiswahili chake, nyasi ile ingewatosha wao peke yao mpaka mvua nyingine. Sasa haitatosha, itabidi ahame mapema na ng'ombe wengine watakonda njiani. Hakulisema kwa kunilaumu, aliniambia kama habari, nyasi baada ya mvua, kwa utaratibu wao. Nikamwomba msamaha. Akaniambia nirudi nikawaambie watu kwamba ukurasa ule unasomwa na kila mtu.

Meneja anataka kitufe kiwashwe. Nimemwambia hakitawashwa na mimi. Amesema basi mkataba wangu unaishia mwisho wa mwezi huu, na sikubishana naye. Kwa hiyo kazi ninayoijua ndiyo hiyo imekwisha, na wewe ulikuwa umeshaanza kupanga safari yangu ya kurudi, najua, na umeshamwambia mama.

Lakini siji mwisho wa mwezi. Kuna watu wengi walioandika habari zao pale, wa Burat, wa Kipsing, wa huku mjini, na mengi ya maneno yale yanasema ni nani yuko wapi na mifugo gani. Nimeyaandika majina yao kwenye daftari. Nitamfuata mmoja mmoja, sokoni na nyumbani kwake, nikae naye, nimweleze nani anayasoma, kisha yeye mwenyewe aamue, afute au aache. Safari hii simripoti mtu. Mama Halima amesema nyumba nikae tu. Ni kama mwezi mmoja zaidi. Ukisema nirudi, nitarudi, wewe ni mume wangu na Neema ni mtoto wangu. Ila nakuomba uisome barua hii mara mbili kabla hujasema, na usinijibu kwa simu. Andika, kama ulivyokuwa ukiniandikia ukiwa chuo cha walimu.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu nitampelekea na aache kubeba maji mwenyewe. Msalimie shemeji wa kinyozi na mkewe, na jirani yetu Mama Otieno anayemsuka Neema. Mama Halima anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema mwanamume anayepika ugali wake mwenyewe miezi yote hii lazima awe mtu mzuri.

Neema akiuliza kwa nini mama haji, usimwambie ni kazi. Mwambie kuna mtu anagawa nyasi ya ng'ombe wake kwa sababu ya mama, na mama ameona haya kuondoka yeye akiwa bado anagawa.

Ni mimi mkeo, ninayekupenda,
Wanjiru